Historia ya Kirusi Kinachobadili Nguo

[Muziki wa kipindi, sekunde kumi, kisha unashuka.]

  

Wiki mbili zilizopita baba mmoja alinisimamisha kwenye foleni ya mgao. Akaniambia: "Kijana wa redio, nieleze. Korona ilikuja, mwaka haujaisha chanjo ikapatikana. Surua ina chanjo. Polio ina chanjo. UKIMWI umezika ndugu zangu tangu enzi za Mobutu. Chanjo yake iko wapi? Au wameificha?" Watu waliokuwa nyuma yake wakacheka, lakini nikaona hawakucheka sana. Wengi wana swali hilohilo.

Nilimwahidi jibu. Mimi si daktari, niliishia sekondari, kwa hiyo imenibidi kusoma na kuuliza sana. Jibu si kwamba chanjo imefichwa. Jibu ni historia ndefu ya vita kati ya kirusi na askari wa mwili wetu, na historia hiyo inaanzia karibu na nyumbani kuliko nilivyodhani.

Nianze na jambo linalouma. Wapo vijana wetu wanaoambiwa sokoni, "UKIMWI umetoka kwenu Kongo," kama vile ni tusi. Tusilikwepe. Tulifungue tuone ndani kuna nini.

Kirusi cha UKIMWI, yaani VVU, kilikuwa cha sokwe kabla ya kuwa cha binadamu. Aina iliyoenea duniani kote ilitokana na sokwe wa misitu ya kusini-mashariki mwa Kamerun. Inaaminika mwindaji alijikata akichinja, damu ya mnyama ikagusana na damu yake. Hilo linaweza kuwa limetokea mara nyingi katika historia na kufia kijijini. Safari hii halikufia kijijini, kwa sababu mtu au watu waliofuata njia ya mito walifika Léopoldville, mji tunaouita leo Kinshasa.

Wataalamu wanaosoma maandishi ya urithi ndani ya virusi, kisha kuhesabu kurudi nyuma jinsi yalivyobadilika, walitangaza mwaka 2014 kwamba mlipuko ulianzia Kinshasa karibu mwaka 1920. Kumbukeni Kinshasa ya wakati huo ilikuwa ya nani. Wabelgiji walihitaji mikono ya kufanya kazi. Wanaume waliletwa mjini kwa maelfu bila wake zao. Reli zilijengwa ili madini na pamba vitoke. Kufikia mwaka 1948 watu zaidi ya milioni moja kwa mwaka walikuwa wakipita Kinshasa kwa treni. Kirusi nacho kikapanda treni bila tiketi. Mwishoni mwa miaka ya 1930 kilikuwa kimefika Lubumbashi na Mbuji-Mayi, na katika miaka ya 1940 na 1950 kikapanda mto hadi Bwamanda na Kisangani. Wapo wanahistoria wanaoongeza kwamba sindano za kampeni za afya za wakoloni, zilizotumika kwa mtu huyu na yule bila kuchemshwa vizuri, zilisaidia kukieneza. Kwa hiyo anayekutukana sokoni mwambie arudi kwenye reli, aulize ilijengwa na nani na kwa faida ya nani.

Sasa tunaingia kwenye jambo lenyewe la leo. Mwaka 1959 mwanamume mmoja alitolewa damu Léopoldville kwa uchunguzi ambao haukuhusu UKIMWI, maana hakuna aliyeujua. Damu ile ikahifadhiwa. Mwaka 1960 mwanamke mmoja wa mji huohuo alikatwa kipande kidogo cha tezi, kikawekwa ndani ya nta hospitalini. Miaka mingi baadaye, vipande vyote viwili vilipochunguzwa, kirusi kilikuwemo. Kilichowashangaza watafiti ni kwamba virusi vya watu hawa wawili, wa mji mmoja, wenye mwaka mmoja tu kati yao, vilitofautiana kwa takribani asilimia 12. Yaani hata kabla Lumumba hajasimama kutoa hotuba ya uhuru, kirusi hiki kilikuwa tayari na ukoo mkubwa wenye matawi.

Baada ya uhuru, walimu na mafundi wengi kutoka Haiti walikuja kufanya kazi Kongo kwa sababu walizungumza Kifaransa. Tawi moja la kirusi likaenda Haiti katikati ya miaka ya 1960, na kutoka huko likaingia Marekani. Juni 1981 madaktari wa Los Angeles wakaandika habari za vijana watano wenye homa ya mapafu ya ajabu. Dunia ikasema ugonjwa umezaliwa. Ulikuwa na miaka sitini.

Huku kwetu watu walikuwa wameshaanza kuzika. Rakai ya Uganda waliuita "slim" kwa jinsi ulivyokondesha. Ng'ambo ya mpaka, Kagera ya Tanzania, waliuita "Juliana", jina la kitambaa kilichouzwa na wafanyabiashara wa magendo. Oktoba 1983 kundi la madaktari, miongoni mwao Peter Piot wa Ubelgiji, lilifika Kinshasa, hospitali ya Mama Yemo, ambako daktari Mkongo, Kapita Bila, alikuwa ameshaona wagonjwa wa namna hiyo. Kwa wiki tatu walihesabu wagonjwa 38, wanawake karibu sawa na wanaume. Wakati huo Marekani ilikuwa inasema ni ugonjwa wa wanaume mashoga na wa wanaojidunga dawa za kulevya. Kinshasa ilionyesha kwamba ni ugonjwa wa kila mtu. Kuanzia 1984 mji huo ukawa na mradi mkubwa wa utafiti, Projet SIDA, uliofanya kazi hadi uporaji wa Septemba 1991 ulipowakimbiza wageni. Wazee mnaokumbuka siku zile mnajua ni mambo mangapi yalikatika kwa wiki moja.

Mwaka 1997 watafiti walichukua tena damu Kinshasa, Mbuji-Mayi na Bwamanda. Wakakuta matawi mengi kuliko mahali pengine popote duniani: A, C, D, F, G, H na mengine, pamoja na mchanganyiko wa haya yote. Marekani na Ulaya tawi kubwa ni moja, B. Kusini mwa Afrika ni C, na Burundi vilevile. Rwanda ni A zaidi. Uganda ni A na D, na imeonekana kule kwamba wenye D huzidiwa haraka kuliko wenye A kama hawatumii dawa. Kama ukitaka kutengeneza chanjo moja ya kirusi hiki, unaanza na swali gumu: utaitengeneza kwa sura ya tawi lipi?

[Muziki mfupi.]

Kwa nini kinabadilika hivi? Kwa sababu ni mwandishi mbaya. Maandishi yake ya urithi yana herufi zisizozidi elfu kumi. Kila kinapoingia kwenye seli ya mtu lazima kinakili herufi hizo zote, na chombo chake cha kunakili hakina tabia ya kusoma tena na kusahihisha. Katika kila nakala tatu hivi, moja inatoka na kosa. Sasa, ndani ya mtu mmoja asiyetumia dawa, virusi hadi bilioni 10 vinaweza kuzaliwa kwa siku. Fanya hesabu mwenyewe. Kila kosa la herufi moja linalowezekana linafanyika kila siku. Makosa mengi yanakiua kirusi chenyewe. Machache hayakidhuru. Na machache sana yanakisaidia, na hayo ndiyo tunayoyasimulia leo.

Kirusi cha surua nacho hukosea kinaponakili, lakini sura yake ya nje haivumilii mabadiliko. Ndiyo maana chanjo ya surua inayotolewa kwenye zahanati zetu inatokana na kirusi kilichochukuliwa kwa mtoto mmoja wa Marekani mwaka 1954, na bado inafanya kazi. Korona inabadilika pia, lakini si kwa kasi hii. Nusu ya jibu la yule baba ni hiyo.

Nusu nyingine ni namna askari wa mwili wanavyomtambua adui. Hapa naomba utulivu kidogo, maana ndipo mimi mwenyewe nilipotea mara mbili kabla ya kuelewa.

Ndani ya damu tuna seli zinazoitwa seli T. Wengi mnaijua CD4, ile inayopimwa kliniki. CD4 ni makamanda, hawapigani sana ila wanapanga vita. Kuna ndugu zao wanaoitwa CD8, hao ndio wauaji. CD8 haimuui kirusi kinachoelea kwenye damu. Inaua seli yetu wenyewe ambayo kirusi kimeingia ndani yake na kuigeuza kiwanda. Lakini inajuaje? Kirusi kiko ndani, mlango umefungwa.

Fikiria nyumba za kambini. Kila nyumba ina kamba ya kuanikia nguo mbele yake. Kila seli ya mwili wako nayo ina kamba, na juu yake inaanika vipande vidogo vya kila protini inayotengenezwa ndani. Askari wa CD8 anapita barabarani akitazama. Nguo za wenyeji anazijua, anapita. Akiona kipande cha nguo ya mgeni asiyetakiwa, anajua ndani kuna adui, naye anaibomoa nyumba ile pamoja na aliyemo. Siri hii iligunduliwa Canberra, Australia, katikati ya miaka ya 1970, na Rolf Zinkernagel na Peter Doherty, wakichunguza panya. Walipewa tuzo ya Nobel mwaka 1996.

Na kamba hizi hazifanani. Jina lake la kitaalamu ni HLA, zina aina maelfu, na kila mmoja wetu amerithi nusu kwa mama na nusu kwa baba. Kamba ya aina fulani inashika vipande vya umbo fulani tu. Ndiyo maana kirusi kilekile, kikiingia kwa mimi na wewe, kinaanikwa kwa vipande tofauti, na askari wangu wanatazama kipande ambacho wako hawajawahi kukiona.

Wiki chache baada ya mtu kuambukizwa, CD8 wanaamka na kushambulia kwa nguvu. Idadi ya virusi inashuka sana. Mwaka 1999 watafiti walithibitisha hili kwa nyani wenye kirusi cha jamii hiyo: walipowaondolea seli za CD8, virusi vikapanda juu, seli ziliporudi, vikashuka. Kwa hiyo askari wetu si wavivu. Wanapigana kweli.

Basi kwa nini hawamalizi kazi? Mwaka 1991, Oxford huko Uingereza, Rodney Phillips, Andrew McMichael na wenzao walichapisha jibu. Walifuata wagonjwa wenye aina moja ya kamba, wakichukua damu mara kwa mara. Waliona kwamba vipande vya kirusi vilivyokuwa vinatambuliwa na askari vilibadilika mmoja baada ya mwingine, na vile vipya askari hawakuvitambua. Nguo ilikuwa imebadilishwa kifungo kimoja, na askari akapita. Mara nyingine kosa dogo linafanya kipande kisishike kwenye kamba kabisa, kinateleza na kuanguka ndani, na nje ya nyumba kunabaki kamba tupu. Si kwamba kirusi kina akili. Ni kwamba askari anaua wote wenye nguo ya zamani, na yule mmoja aliyetokea kwa kosa la kunakili akiwa na kifungo tofauti anabaki peke yake, anazaa, na baada ya muda mfupi wote mle ndani ni watoto wake.

Mwaka 1997 Philip Goulder na wenzake walieleza habari za wagonjwa wenye kamba iitwayo B27. Watu hawa walikaa vizuri kwa miaka, kama tisa hadi kumi na miwili, askari wao wakishikilia kipande kimoja tu cha kirusi. Kisha kipande kile kikabadilika herufi moja, na ugonjwa ukawalipukia. Miaka yote ile amani yao ilikuwa imening'inia kwenye kipande kimoja cha nguo.

Nawaeleza hivi makusudi. Tunao jamaa hapa wanaosema, "Fulani ana virusi miaka minane, hajameza kidonge, mzima kama ng'ombe, basi ugonjwa huo ni uongo." Si uongo. Huenda amerithi kamba nzuri. Utafiti mkubwa wa mwaka 2010, uliolinganisha karibu watu elfu moja wanaoweza kukizuia kirusi bila dawa na wengine wengi wasioweza, ulikuta tofauti kubwa iko kwenye kamba hizi hasa, na kamba iitwayo B57 ikiwa miongoni mwa zenye nguvu. Lakini watu wa namna hiyo ni wachache sana, na wengine wao hatimaye hugeukwa, kama wale wa B27.

Kwa nini B57 ni nzuri? Kwa sababu inaanika kipande kinachotoka kwenye ganda la ndani la kirusi, sehemu ambayo ikikatwa ovyo suruali inabana na mvaaji hawezi kukimbia. Kirusi kinaweza kubadili hapo, lakini kinalipa. Mwaka 2004 ilionekana kwamba kirusi kilichobadilika ndani ya mtu mwenye B57, kikiambukizwa kwa mtu asiye na kamba hiyo, kinarudia polepole nguo yake ya zamani, maana ile mpya ilikuwa inakichelewesha.

Mabadiliko mengine hayana gharama, na hayo yanabaki na kusambaa. Japani, kamba iitwayo B51 ni ya watu wengi. Zamani iliwalinda. Kufikia mwaka 2009 utafiti uliolinganisha nchi mbalimbali ulionyesha kwamba kule virusi vingi vilikuwa vimeshabadili kipande kile, hata ndani ya watu wasio na B51, na ulinzi umeyeyuka. Botswana, ambako ugonjwa ulienea mapema na kwa watu wengi mno, ripoti ya mwaka 2014 ilisema B57 na ndugu yake hazikuwa zinalinda tena kama zilivyolinda Durban, Afrika Kusini. Kirusi kimejifunza kamba za taifa zima. Kwa upande mwingine kilikuwa kinazaana taratibu kidogo kuliko kile cha Durban, kwa sababu ya zile gharama nilizotaja. Msishangilie mapema: mwaka 2022 Uholanzi ilitangaza aina ambayo, bila dawa, inamaliza CD4 kwa kasi mara mbili ya kawaida. Kubadilika kunaweza kwenda upande wowote.

Na mama zetu wasikie hili. Mtoto anarithi nusu ya kamba kwa mama. Kirusi cha mama kimeshaishi naye, kimeshajifunza kamba zake. Kikimwingia mtoto kinamkuta na kamba ambazo tayari kinazijua. Ndiyo sababu mojawapo watoto wachanga huzidiwa upesi sana. Ila mama akimeza dawa vizuri tangu mimba na wakati wa kunyonyesha, hatari ya kumwambukiza mtoto inashuka hadi chini ya watoto 5 katika 100. Bila dawa inaweza kufika 45.

[Muziki mfupi.]

Kuna kituo kimoja zaidi cha historia nisingependa kukiruka: Majengo, Nairobi. Tangu miaka ya 1980 watafiti wa Kenya na Kanada walikuwa wakifuatilia wanawake waliokuwa wakiuza miili yao pale. Walio wengi waliambukizwa. Wachache, mwaka baada ya mwaka, hawakuambukizwa, ingawa walikutana na kirusi mara nyingi. Mwaka 1998 Sarah Rowland-Jones na wenzake walieleza kwamba wanawake hao walikuwa na askari wa CD8 wanaokijua kirusi. Matumaini yakawa makubwa. Kisha likaja jambo lisilotarajiwa: baadhi yao waliopunguza au kuacha kazi ile kwa muda, waliporudi waliambukizwa. Inaelekea askari wasiomwona adui kwa muda mrefu walikuwa wamelala. Wanawake wale wa Majengo ambao jamii iliwadharau walitoa damu yao kwa miaka mingi, na sayansi ya chanjo imejengwa kwa sehemu juu yao. Naona wanastahili kutajwa redioni.

Kutokana na mawazo hayo chanjo za kuamsha seli T zilijaribiwa. Mojawapo iliundwa kwa tawi A na kujaribiwa Oxford na Nairobi. Haikuamsha askari wa kutosha. Kubwa zaidi, iliyojulikana kwa jina la STEP, ilikuwa na watu 3,000 waliojitolea, ikasimamishwa Septemba 2007 kwa sababu haikuwakinga. Nyingine iliundwa kwa kuunganisha vipande vya matawi mengi, kama blanketi la viraka, ili kirusi kivae nguo yoyote kitambuliwe. Wanawake 2,600 wa nchi tano za kusini mwa Afrika walijitolea. Ikasimamishwa Agosti 2021. Ndugu yake, iliyojaribiwa Amerika na Ulaya, Januari 2023. Mwishoni mwa mwaka huohuo likasimamishwa na jaribio la Uganda, Tanzania na Afrika Kusini, pale Masaka, Mbeya, Dar es Salaam na Durban.

Kwa hiyo, baba yangu wa foleni, hawajaificha. Wameijaribu mbele ya macho yetu, kwa majirani zetu, na imeshindwa mara kwa mara. Bado wanatafuta. Mwaka 2019 watafiti wa Boston walieleza njia ya kutambua ni vipande gani vya kirusi vimefungamana kama nguzo za nyumba, kiasi kwamba kikigusa kimoja kinajibomoa, ili askari wafundishwe kutazama hivyo tu.

Sasa dawa. Vidonge haviangalii kamba wala nguo. Vinavunja vyombo vya kirusi vya kunakili. Mwaka 1987 ilipotoka dawa ya kwanza, AZT, ilitolewa peke yake, na kirusi kikaikwepa kwa ustadi uleule kinaowakwepa askari: mmoja aliyekosewa anabaki, anazaa. Mwaka 1996 ndipo dawa tatu zilipotolewa pamoja. Kirusi kinaweza kupata kosa moja la bahati leo. Kupata yote yanayotakiwa kuzikwepa dawa tatu kwa wakati mmoja ni vigumu mno. Na kisiponakili, hakikosei, na kisipokosea hakibadiliki. Hata hivyo hakiishi mwilini: vingine vinalala ndani ya seli bila kuanika kitu kwenye kamba, askari anapita asijue. Dawa ikikatika, vinaamka.

Hapa ndipo habari inapotugusa sisi hasa. Wengi tulikimbia usiku. Waliokuwa na vidonge waliviacha chini ya godoro. Kuna dada mmoja ninayemfahamu, sitasema wa zoni gani, alifika kambini akiwa amekaa miezi minne bila dawa. Kwenye kituo kimoja cha njiani alikuwa amegombezwa mbele za watu kwa "kuchezea dawa". Kwa hiyo alipofika hapa akanyamaza, akajiandikisha kama mtu mpya ambaye hajawahi kumeza kitu. Alidhani anajiokoa na aibu. Lakini daktari anayeamini hujawahi kumeza dawa hawezi kujua kirusi chako kimeshakutana na dawa zipi, na huenda kimejifunza ipi. Alipoeleza ukweli alipimwa wingi wa virusi, akaanzishiwa tena. Amenipa ruhusa nisimulie hili. Mwaka huu kipimo chake kilisoma kwamba virusi havionekani, na mtu ambaye virusi vyake havionekani, akiendelea na dawa, hamwambukizi mwenzake kwa kujamiiana.

Basi kama ulikatiza, iwe kwa vita, kwa njia ndefu, kwa kuhamishwa kambi au kwa kuchoka tu, sema miezi mingapi na dawa gani. Kama hukumbuki jina, eleza rangi ya kidonge na ulimeza vingapi kwa siku, au beba kopo la zamani kama unalo. Kadi ya kliniki ya nchi uliyotoka ni mali. Usiichane kwa kuogopa kuonekana.

Limebaki jambo moja kwa yule baba. Mwaka 2024 yalitoka matokeo ya sindano inayochomwa mara mbili kwa mwaka, lenacapavir, iliyojaribiwa kwa wasichana na wanawake wa Afrika Kusini na Uganda. Kati ya 2,134 walioipata, hakuna hata mmoja aliyeambukizwa wakati wa jaribio. Si chanjo, haifundishi askari kitu. Ni dawa, ikiisha mwilini kinga imeisha. Inashika ganda la ndani la kirusi, ganda lilelile ambalo kamba ya B57 inalianika. Kwa sisi wa kambini swali ni itafika lini, na nani atahesabiwa miongoni mwa watakaoipata. Nimeomba mmoja wa wahudumu wa afya aje studio wiki ijayo kulijibu. Amekubali kuja Jumatano, kama mvua haitakata barabara.

Maswali yenu andikeni, mtumbukize kwenye sanduku lililo mlangoni mwa studio. Si lazima kuandika jina.

[Muziki wa kipindi unapanda.]